Antoni Gaudí na Makazi ya Mlimani Yaliyokosa Wanunuzi



Tarehe 10 Juni 2026 inatimia miaka 100 tangu alipofariki dunia Antoni Gaudí, msanifu majengo wa Barcelona, nchini Hispania. Wengi tunamfahamu kwa kazi moja tu, yaani Kanisa la Familia Takatifu, lile lenye minara mirefu ambayo picha zake zimeenea duniani kote. Baba Mtakatifu Fransisko, wiki moja tu kabla ya kuiaga dunia, aliridhia tarehe 14 Aprili 2025 hati inayotambua fadhila za kishujaa za mlei huyu. Tangu siku hiyo Kanisa linamwita Mheshimiwa, ngazi inayotangulia ile ya Mwenyeheri.

Katika makala hii napenda tutazame sehemu ya maisha yake isiyosimuliwa sana miongoni mwetu: jinsi alivyosanifu mahali ambapo familia nyingi zingeishi pamoja, mbali na kelele za mji, juu ya mlima, bila kuuharibu mlima wenyewe. Nina sababu yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa kusimamia ujenzi wa nyumba ya mafungo. Jambo la kwanza nililoruhusu lilikuwa kukata miti na kusawazisha kilima kwa tingatinga. Leo wanamafungo hutafuta kivuli wasikione, mvua za masika huteremsha udongo hadi mlangoni mwa kikanisa, na wakati wa kiangazi tunanunua maji yanayoletwa kwa boza. Nilipoyasoma maisha ya Gaudí nilitambua kwamba mafundi hawakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu: nilianza kujenga kabla ya kutazama.

Mtoto aliyelazimika kutazama

Antoni Gaudí alizaliwa tarehe 25 Juni 1852 katika eneo la Reus, Catalonia, na kesho yake akabatizwa katika kanisa la parokia ya Mtakatifu Petro mjini humo. Baba yake, Francesc, alikuwa mfua shaba, na ukoo wa mama yake, Antònia, nao ulikuwa wa wafua shaba. Katika karakana ya baba yake mtoto aliona bamba bapa la shaba likigongwa taratibu mpaka likawa sufuria au chungu. Baadaye alikiri kwamba huko ndiko alikojifunza kuliona umbo kamili akilini kabla ya kulichora kwenye karatasi.

Tangu utoto aliteswa na baridi yabisi. Zilikuwapo siku ambazo hakuweza kutembea, akabebwa juu ya punda. Wenzake walipocheza, yeye alikaa mashambani akiitazama mimea, wadudu na mawe kwa saa nyingi. Maradhi yaliyomnyima michezo yalimpa jicho. Wakati wasanifu wengi wa kizazi chake waliiga majengo ya kale yaliyochorwa vitabuni, yeye aliuliza swali jingine: je, mti husimamaje? Mfupa unabebaje uzito? Ganda la konokono linajipindaje hata likawa imara likiwa jembamba vile?

Baada ya masomo kwa Mapadre wa Mtakatifu Yosefu Kalasanz huko Reus, alikwenda Barcelona kusomea usanifu. Alijilipia sehemu ya gharama kwa kufanya kazi kama mchoraji kwa wajenzi wa mjini. Mwaka 1876 alifiwa na kaka yake, na baadaye mwaka huo huo akafiwa na mama yake. Alihitimu mwaka 1878. Mwaka uliofuata dada yake naye akafa, akaacha mtoto wa kike. Gaudí hakuoa. Nyumba yake ilikuwa ya watu watatu: yeye, baba yake mzee na mpwa wake huyo.

Rafiki, Kanisa na mfungo

Mwaka ule ule wa 1878 alifahamiana na Eusebi Güell, mwenye viwanda tajiri na Mkatoliki mwenye kujali masuala ya jamii. Urafiki wao ulidumu miaka 40. Güell alitoa fedha na uhuru. Gaudí alitoa akili na mikono. Bila urafiki huo, mengi yatakayosimuliwa hapa chini yasingekuwapo.

Mwaka 1883, akiwa na umri wa miaka 31, alikabidhiwa ujenzi wa Kanisa la Familia Takatifu, ambalo jiwe lake la msingi lilikuwa limewekwa mwaka uliotangulia, siku ya Sherehe ya Mtakatifu Yosefu. Wakati huo alikuwa kijana aliyependa mavazi nadhifu, na bidii yake ya dini haikuwa kitu cha kushangaza. Lakini kazi ilimgeuza. Ili achonge historia ya wokovu katika mawe, ilimbidi aisome, aisali na kuishi mwaka wa Liturujia. Katika Kwaresima ya mwaka 1894 alifunga kwa ukali hata akakaribia kufa, mpaka rafiki yake Padre Josep Torras i Bages, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Vic, alipomsihi aache, akimkumbusha kwamba kazi aliyopewa duniani ilikuwa bado haijakamilika. Alitii. Toka hapo maisha yake yakawa ya kiasi: chakula kidogo, nguo za kawaida, Misa na sala kila siku.

Mlima mkavu

Karibu na mwaka 1900 Güell alinunua mashamba kwenye mteremko ulioitwa Muntanya Pelada, yaani mlima wenye upara. Barcelona ilikuwa imejaa viwanda na moshi. Güell, aliyevutiwa na bustani za makazi za Uingereza, alitaka kuanzisha hapo makazi ya familia 60, zenye hewa safi na mandhari ya bahari, zikishirikiana barabara, soko, uwanja na mahali pa sala. Akampa Gaudí kazi ya kupapanga.

Mlima ulikuwa mkavu na wenye miteremko mikali. Msanifu mwingine angeukata ngazi kwa ngazi na kujaza mabonde. Gaudí hakufanya hivyo. Aliacha ardhi ielekeze njia. Barabara alizipitisha kufuata mikunjo ya mlima, na palipokuwa na bonde alijenga madaraja ya mawe ambayo nguzo zake zimeinama kama mashina ya miti, kwa sababu udongo wa mlimani husukuma kwa mshazari, na nguzo iliyoinama huupokea msukumo huo vizuri kuliko iliyosimama wima. Mawe yenyewe yalitoka pale pale mlimani. Mtu akiyatazama madaraja hayo leo hupata shida kujua mahali mlima unapoishia na jengo linapoanzia.

Miti iliyokuwapo, kama mizeituni na mikaroba, aliitunza, na mipya aliyoiongeza ilikuwa ya aina isiyohitaji maji mengi. Lakini kazi yake ya busara zaidi pale haionekani kwa macho. Katikati ya makazi alijenga uwanja mpana ambao haukusakafiwa. Chini ya uwanja huo kuna ukumbi wa nguzo 86, uliokusudiwa kuwa soko la wakazi. Mvua inaponyesha, maji hupenya katika mchanga wa uwanja na kuchujwa, kisha hushuka kupitia mabomba yaliyofichwa ndani ya nguzo hadi kwenye tangi chini ya ardhi lenye uwezo wa mita za ujazo 1,200, yaani lita milioni 1.2. Maji hayo yalikusudiwa kumwagilia bustani, na yanayozidi hutokea kinywani mwa mjusi mkubwa wa rangi nyingi aliyeko kwenye ngazi za kuingilia, ambaye watalii hupiga naye picha bila kujua kazi yake. Hivyo uwanja, soko na hifadhi ya maji ni jengo moja. Katika mti hali ni ile ile: kinachobeba matawi ndicho kinachopitisha maji.

Kando ya uwanja kuna kiti kirefu kinachopindapinda, alichokitengeneza pamoja na msaidizi wake Josep Maria Jujol. Kimefunikwa kwa vipande vya vigae na vyombo vilivyovunjika, mali ambayo viwanda vingetupa jalalani. Mikunjo yake inawawezesha watu kuketi katika makundi madogo madogo, wakitazamana, hali wote wako kwenye kiti kimoja.

Masharti ya viwanja nayo yalikuwa na hekima ya ujirani. Kila mnunuzi aliruhusiwa kujenga kwenye sehemu moja tu ya sita ya kiwanja chake. Iliyobaki ilikuwa ya bustani. Kimo na mahali pa kila nyumba vilipangwa ili mtu asimzibie jirani yake jua wala mandhari ya bahari. Na juu kabisa, mahali palipofikiriwa kwa ajili ya kikanisa, ilisimamishwa misalaba mitatu.

Makazi yaliyokosa watu

Wapendwa, hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Wanunuzi hawakuja. Viwanja vilikuwa mbali na mji, usafiri haukuwa mzuri, mikataba ilikuwa na masharti magumu, na bei ilikuwa ya watu wachache mno. Kati ya familia 60 zilizotarajiwa, ni mmoja tu, wakili rafiki wa Güell, aliyenunua na kujenga. Nyumba ya mfano iliyojengwa ili kuwavutia wanunuzi nayo ilikosa mteja, hata mwaka 1906 Gaudí mwenyewe akainunua na kuhamia humo pamoja na baba yake na mpwa wake. Güell naye alihamia katika nyumba ya zamani iliyokuwapo kwenye shamba hilo. Mwaka 1914 kazi ilisimamishwa.

Hebu tufikiri hali yake. Baba yake alifariki mwaka ule ule waliohamia. Mpwa wake alifariki mwaka 1912. Güell alifariki mwaka 1918, pale pale mlimani. Gaudí akabaki peke yake katika makazi aliyoyasanifu kwa ajili ya watu wengi, akipita kila siku kwenye soko lisilo na wauzaji na uwanja usio na watoto wa majirani. Kwa hesabu za biashara, hiyo ilikuwa hasara tupu.

Lakini hakuacha kufanya kazi, na hakuacha kujifunza. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa na kazi nyingine ya makazi ya pamoja, tena ya watu wa kipato cha chini. Güell alikuwa amehamishia kiwanda chake cha nguo huko Santa Coloma de Cervelló, nje ya mji, na kuwajengea wafanyakazi kijiji chenye nyumba na shule. Mwaka 1898 alimwomba Gaudí awajengee kanisa. Gaudí alitumia miaka 10 hivi kulichunguza jambo moja tu kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kamba ikining'inizwa kwa ncha zake mbili hujichagulia yenyewe mkunjo unaofaa kubeba uzito kwa kuvutwa. Mkunjo huo huo ukigeuzwa juu chini huwa tao linalobeba uzito kwa kukandamizwa. Basi alining'iniza mamia ya kamba zenye vifuko vidogo vya risasi, kila kimoja kikiwakilisha uzito wa sehemu ya jengo, akapiga picha, akaigeuza picha hiyo juu chini, na hapo akaona umbo la kanisa. Alimwachia Muumba, aliyeweka sheria ya uzito, achore mstari wa kwanza.

Kanisa hilo nalo halikukamilika. Fedha zilikoma mwaka 1914, na sehemu ya chini peke yake ndiyo iliyowekwa wakfu mwaka 1915. Nguzo zake zimeinama kama misonobari inayolizunguka. Mojawapo ya mambo yanayogusa moyo ni vyuma vya madirishani: vimetengenezwa kwa sindano chakavu za mashine za kiwanda. Wafumaji waliposali, vifaa vya jasho lao vilikuwa vikilinda nuru ya kanisa lao.

Mwaka 1909 alijenga pia shule ndogo kando ya Kanisa la Familia Takatifu, kwa ajili ya watoto wa wajenzi na wa mtaa ule. Paa lake ni la matofali membamba yaliyopangwa kwa mawimbi kama jani lililojikunja. Mkunjo ndio unaolipa nguvu, kwa hiyo halihitaji boriti nene wala gharama kubwa, na maji ya mvua hutelemka yenyewe katika mabonde yake. Kwake kujenga kwa bei nafuu hakukuwa kisingizio cha kujenga vibaya, na watoto wa maskini walistahili kazi ya akili ile ile iliyotumika kwa matajiri.

Mzee asiyejulikana

Miaka yake ya mwisho aliitoa yote kwa Familia Takatifu. Hakupokea tena kazi nyingine. Fedha zilipokwisha alipita kwa watu akiomba sadaka, kofia mkononi. Alijua hataliona kanisa likikamilika, wala hakuhuzunika. Aliacha vielelezo ili wengine waendeleze. Alipanga nguzo za ndani zigawanyike juu kama matawi, waamini wasali kana kwamba wako msituni. Aliupangia mnara wa Yesu Kristo kimo cha mita 172.5, chini kidogo ya kilima cha Montjuïc kilichoko mjini humo, ili kazi ya mwanadamu isiipite kazi ya Mungu. Mwishoni mwa mwaka 1925 alihama kutoka mlimani akaenda kulala katika karakana ya kanisa. Mnara mmoja tu ndio aliouona umekamilika, ule wa Mtakatifu Barnaba.

Jioni ya tarehe 7 Juni 1926, akitembea kwa miguu kuelekea kanisa la Mtakatifu Filipo Neri, kama ilivyokuwa desturi yake, aligongwa na tramu. Kwa kuwa nguo zake zilikuwa zimechakaa na hakuwa na hati yoyote, alidhaniwa kuwa ombaomba. Alipelekwa katika Hospitali ya Msalaba Mtakatifu, iliyokuwa ya maskini, na kesho yake ndipo alipotambuliwa. Alifariki tarehe 10 Juni, akiwa na umri wa miaka 73, baada ya kupokea Sakramenti. Umati mkubwa ulimsindikiza, akazikwa katika kikanisa cha Bikira Maria wa Mlima Karmeli, chini ya kanisa alilolijenga. Tarehe 7 Novemba 2010 Baba Mtakatifu Benedikto wa XVI aliliweka wakfu kanisa hilo na kulipa hadhi ya Basilika.

Na yale makazi ya mlimani? Warithi wa Güell waliyauza kwa halmashauri ya mji mwaka 1922, na mwaka 1926, mwaka ule ule aliofariki msanifu wake, yalifunguliwa kuwa bustani ya umma. Mwaka 1984 UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia. Mahali palipokusudiwa kwa familia 60 zenye uwezo pakawa pa kila mtu: watoto, wazee, wageni wasio na kitu. Lile benchi refu hatimaye lilipata watu wa kuliketi.

Tunachojifunza

Ndugu msomaji, katika Waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015 Papa Fransisko alitufundisha kuyaona mazingira kuwa nyumba ya wote. Maisha ya Gaudí yanatuonyesha mafundisho hayo katika mawe, miaka zaidi ya 100 kabla ya waraka huo. Tunapojenga nyumba za mafungo, mabweni ya vijana au makazi ya watawa, tusianze na tingatinga. Mkandarasi asiingie kazini kabla kamati ya ujenzi haijakaa pale msimu mzima: ione maji ya masika yanapita wapi, jua la mchana linapiga upande gani, upepo unatoka wapi, mti gani una kivuli ambacho hakuna fedha itakayokinunua. Paa lijengwe pamoja na mfereji wake na tangi lake. Mawe na udongo wa mahali hapo vitumike kwanza. Na jengo la mmoja lisimwibie mwenzake nuru.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji unyenyekevu, maana anayetazama kwanza anakiri kwamba yupo aliyejenga kabla yake. Gaudí aliishi unyenyekevu huo hata pale kazi yake ilipoonekana kushindwa, naye Mungu akaipokea kazi hiyo na kuifungua milango kwa wote.

Mimi na Kamati yetu ya Ujenzi tumekubaliana kupanda miti upya kwenye kile kilima na kuanza kuvuna maji ya paa kabla ya masika yajayo. Miti mingine sitaketi chini ya kivuli chake, watakuja wengine. Tumwombe Mungu, kama ni mapenzi yake, mtumishi wake Antoni Gaudí afikie heshima ya altare, na sisi atujalie macho ya kutazama kabla ya kuinua nyundo.